Kakao na Maradhi ya Moyo
Kakao, unga wa mbegu za mkakao, imewashughulisha matabibu tangu Norman Hollenberg wa Harvard alipobaini kwamba Wakuna wa visiwa vya San Blas, Panama, wanywao kakao kila siku, shinikizo lao la damu halipandi kwa kadiri umri unavyozidi, ilhali jamaa zao waliohamia mjini hawakusalimika. Sababu hudhaniwa kuwa ni flavanoli zilizomo katika kakao, zichocheazo kuta za mishipa kutoa oksidi ya nitriki, mishipa ikalegea na kutanuka. Lakini katika jaribio la COSMOS la Marekani, lililotangazwa mwaka 2022, lenye watu 21,442, waliomeza kila siku miligramu 500 za flavanoli hawakupungukiwa na jumla ya maradhi ya moyo na mishipa kwa kiasi cha kuthibitika, ijapokuwa vifo vitokanavyo nayo vilipungua kwa asilimia 27. Ama chokoleti ya dukani, yenye sukari tele, ambayo kakao yake aghalabu imetiwa magadi yaharibuyo flavanoli, haistahiki kuitwa dawa.