Kufuga, Kutunza, Kuzalisha na Kuachia: Historia ya Vitenzi Vinne Kando ya Ziwa Viktoria

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza kundi dogo la vitenzi ambavyo wafasiri wengi huvipita bila kuvitazama mara mbili. Ni vitenzi vitumikavyo pale binadamu anapomweka kiumbe chini ya mkono wake: kufuga, kutunza, kuzalisha na kuachia. Mfano tulioteua ni mdogo pia. Ni mdudu-kijiti, yaani yule mdudu mwembamba afananaye na kitawi kikavu, ambaye katika nchi za nje hulelewa vizimbani ili awe chakula cha mijusi na vinyonga wanaofugwa majumbani. Huenda msomaji akauliza jambo hili linatuhusu nini. Jibu letu ni kwamba kibali cha kuingiza kiumbe nchini kikiandikwa kwa kitenzi kisichofaa, kosa halibaki kwenye karatasi; na historia ya Mwanza na ziwa lake ni ushahidi wa kutosha.

Tuanze na neno kufuga. Kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, neno hili lina mambo mawili ndani yake: kumlisha na kumlinda mnyama, na kutazamia kwamba atazaa. Ni nadra kumwona mtu afugaye ng'ombe lakini hataki ndama. Hata hivyo, katika Usukuma kulikuwa na ufugaji wa namna nyingine. Mwaka 1946 Hans Cory alichapisha maelezo juu ya Buyeye, chama cha Wasukuma waliokuwa mabingwa wa kukamata nyoka, kuwachezesha ngomani na kuwatibu watu walioumwa. Nyoka hao walitoka porini. Kiswahili chaweza kusema kwamba watu hao walifuga nyoka, wala hakuna kosa. Ila maana ya pili, ile ya uzazi, si ya lazima hapo. Vivyo hivyo kisiwani Saanane, ambapo bustani ya wanyama ilianzishwa mwaka 1964, kabla kisiwa hicho hakijafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kazi ya msingi ya bustani kama hiyo ni kutunza: kulisha, kutibu na kuonyesha.

Mwanza ina sifa nyingine katika habari za wanyama watambaao. Juu ya majabali yake huota jua mjusi ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa rangi ya buluu. Mtaalamu Arthur Loveridge alimpa jina la kisayansi mwaka 1923, akamwita Agama mwanzae, kwa heshima ya mahali penyewe. Siku hizi mjusi huyo hufugwa hata Ulaya na Marekani, na amfugaye hana budi kuwa na wadudu hai wa kumlisha: nyenje, panzi na wengineo. Kwa sababu hiyo ufugaji wa mtambaazi mmoja huzaa ufugaji wa pili, yaani ule wa wadudu, na hapo ndipo mdudu-kijiti anapoingia.

Anayejulikana zaidi katika kazi hiyo ni yule wa asili ya kusini mwa India, aitwaye Carausius morosus, ambaye amelelewa katika maabara na shule za Ulaya tangu mwanzo wa karne ya 20. Haiba yake ni urahisi wake. Hula majani, hatoi kelele, wala hahitaji dume. Jike peke yake hutaga mamia ya mayai, na mayai hayo huangua majike wengine. Basi kwa mdudu huyu tofauti baina ya kutunza na kuzalisha haipo kabisa. Atunzaye jike mmoja tayari anazalisha, apende asipende. Zaidi ya hayo, mayai huangushwa ovyo chini ya kizimba na hufanana na mbegu, yakachanganyika na mavi. Mtu afagiaye kizimba na kumwaga taka bustanini ameachia kizazi kizima pasipo kujua, kwa kuwa mayai hukaa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa. Ndiyo maana wafugaji waangalifu hugandisha au huchoma taka hizo kwanza. Mdudu huyo amekwisha kuota mizizi California na Afrika Kusini, mbali sana na kwao.

Wakazi wa kando ya Ziwa hawahitaji kufundishwa maana ya habari hiyo. Sangara waliachiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wameongezeka mno. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na watu wengi wakapata kazi, lakini aina nyingi za samaki wadogo waitwao furu zikatoweka. Gugu maji nalo, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kama pambo la madimbwi kwa sababu ya maua yake, liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba fukwe na njia za mitumbwi. Huko lilikotunzwa kwa uzuri wake, ndiko lilikoponyokea.

Dawa mojawapo iliyotumika katika miaka ya 1990 ilikuwa ni wadudu. Fukusi wa jenasi Neochetina, ambao nao asili yao ni Amerika ya Kusini, walizalishwa kwa wingi juu ya gugu lenyewe, kisha wakaachiwa ziwani. Hawa walikuwa wamekwisha kupimwa kwanza ili kuhakikisha kwamba hawatashambulia mazao ya wakulima. Katika tukio hilo vitenzi vyetu vilifuatana kwa utaratibu wake: walitunzwa, wakapimwa, wakazalishwa, ndipo wakaachiwa. Kwa sangara utaratibu huo haukufuatwa, na kwa gugu hapakuwa na utaratibu wowote.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, neno kufuga libaki kuwa neno la jumla, lisitumike peke yake pale ambapo sheria au mwongozo unatenganisha kuweka kiumbe na kumwongeza. Pale tuandike kutunza kwa maana ya kwanza na kuzalisha kwa maana ya pili. Pili, kuachia kuwe ni tendo la makusudi; kiumbe aliyetoka bila idhini ameponyoka, wala hakuachiwa. Tatu, wadudu waliwao wakiwa wazima waitwe chakula hai, istilahi ambayo kila msomaji ataielewa.

Nne, majina ya hatua za ukuaji yasichanganywe. Nzi ana buu, kipepeo ana kiwavi, na wote wawili hupitia hali ya bundo. Mdudu-kijiti hana hatua hizo. Atokapo yaini amekwisha kufanana na mamaye, na hukua kwa kujivua ngozi mara kadhaa. Neno lifaalo kwake ni tunutu, tulilonalo tangu zamani kwa watoto wa nzige. Tano, asiitwe vunjajungu, kama wafanyavyo wengine kwa sababu ya wembamba wake. Vunjajungu hula wadudu wenziwe, na atakayewafungia wawili hao kizimba kimoja kwa kufuata jina, asubuhi atamkuta mmoja.

Mwalimu, mfasiri na mtumishi wa Serikali wana vitenzi hivi tayari mikononi; hakuna haja ya kukopa hata kimoja. Kilichobaki ni kuvitumia kila kimoja mahali pake, hasa katika karatasi ambayo baada ya kutiwa sahihi hufungua mlango wa kizimba.