Ngoma yangu ya mwezi ilirekodiwa 1950, na wengi wanaisimulia vibaya

Wasee, mmekuwa mkiniuliza nasikiza nini siku hizi. Najua mnangoja niseme arbantone ama amapiano. Hizo ziko, sikatai. Lakini ngoma ambayo imecheza zaidi kwa simu yangu mwezi huu haifiki hata dakika mbili, haina besi, haina video, na ilirekodiwa mwaka wa 1950. Inaitwa Chemirocha.

Kama wewe ni wa huku kwetu, kuanzia Kaptagat mpaka Sisibo, soma hadi mwisho. Hii stori inatuhusu.

Tuanze na jina. Lisome kwa sauti, polepole: Che-mi-ro-cha. Umelisikia? Ni Jimmie Rodgers. Huyo alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Mississippi mwaka wa 1897, akafanya kazi ya reli kabla ya kurekodi santuri yake ya kwanza 1927. Wengi humwita baba wa muziki wa kantri. Alijulikana kwa gitaa na ule mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka chini hadi juu kabisa. Kifua kikuu kilimuua Mei 1933 akiwa na miaka 35 tu. Hakuwahi kukanyaga Afrika.

Lakini santuri zake zilifika. Kumbuka Bonde la Ufa wakati huo lilikuwa limejaa walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka wa 1908, na Eldoret yenyewe ilianza kama ploti namba 64 kwenye ramani ya mashamba yao, ndiyo maana hadi leo tunaiita Sisibo. Kule Kericho, Waingereza wakafungua mashamba ya chai. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji stima, kwa hivyo ingeweza kuchezwa popote, na watu wetu wakaisikia. Mtu aliyekufa 1933 akaendelea kuimba kwenye vilima vya Kericho.

Sasa ruka hadi 1950. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alikuwa anazunguka Afrika Mashariki na mashine zake za kurekodi. Akafika Kapkatet, kwa ndugu zetu Wakipsigis. Huko alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo moja, Chemirocha. Ile ya tatu ndiyo iliyovuma: mabinti wa Kipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, na chepkong, kile chombo chetu cha nyuzi, kikipigwa nyuma yao. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni wimbo wa kutisha kidogo. Ukiisikia mara ya tano, haitoki kichwani.

Hapa ndipo nina neno.

Katika maelezo aliyoandika Tracey, Chemirocha amegeuka kuwa kiumbe nusu mtu nusu swara, na mabinti wanamhimiza aruke na kucheza mpaka nguo zimtoke. Yeye akamfananisha na mungu wa Wagiriki wa kale. Maelezo hayo yakazunguka dunia nzima, na kila msimulizi akaongeza chumvi. Leo ukitafuta mtandaoni utapata stori imekuwa hivi: kabila la mbali Afrika lilisikia santuri, likashangaa, likaanza kumwabudu mwimbaji wa Marekani.

Wacha nikuulize. Mabinti wanamwambia mtu acheze hadi nguo zimdondoke. Hiyo ni ibada? Mimi ninasikia utani. Ninasikia wasichana wanaomcheka mwanamume mwenye sauti ya ajabu, wakimtia ndani ya mchezo wao na kumpa miguu ya swara kwa sababu inafurahisha. Sisi tunafanya hivyo kila siku. Tunachukua staa wa Marekani, tunambandika kichwa kwa mwili wa mbuzi, tunamfanya acheze wimbo wa Kikalenjin, tunashea kwa kikundi cha darasa. Hakuna anayesema tunaabudu. Wanasema tuna ucheshi. Kwa nini nyanya zetu wanyimwe ucheshi huo huo?

Siwezi kuapa walichokuwa wanawaza siku hiyo. Lakini kati ya kusema walidanganywa na mashine na kusema walikuwa wanacheza na kitu kipya, hiyo ya pili inawapa akili. Hata jina lenyewe ni ushahidi. Hawakuliacha kama walivyolisikia. Walilipindua likakaa vizuri mdomoni, likaanza na Che kama majina ya dada zetu. Watu wanaoogopa kitu hawakifanyii hivyo.

Hii inanileta kwa ule ubishi wa kila siku. Kantri inapendwa sana Kenya. Nyimbo za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton zimepigwa redioni miaka mingi, tangu enzi za Sauti ya Kenya, na hadi leo tuna wasanii wetu kama Sir Elvis wanaoimba kantri kwa riziki. Ingia matatu za huku jioni, hasa mvua ikinyesha msituni, uone dereva ataweka nini. Halafu kuna watu huja kutuambia tunaimba vitu vya wazungu, eti tumepotea.

Jamani, someni historia ya huo muziki. Banjo, chombo kinachosikika sana kwenye kantri, asili yake ni vyombo vya Waafrika waliopelekwa Amerika wakiwa watumwa. Jimmie Rodgers mwenyewe alikulia kwenye reli za Mississippi akisikiliza wafanyakazi weusi, na bluzi yao ndiyo iliyojaa kwenye nyimbo zake. Mwaka wa 1930 alirekodi wimbo pamoja na Louis Armstrong. Kwa hivyo kitu kilichofika Kericho ndani ya gramafoni kilikuwa na damu ya Afrika tayari. Mabinti wa Kapkatet waliongeza tu yao.

Kwa hivyo tatizo langu si nani alimsikiliza nani. Tatizo ni nani alishika maneno na nani alishika kanda. Rekodi za Tracey zilikwenda kuhifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954. Kazi nzuri, na bila yeye tusingekuwa na sauti hizo. Lakini zilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya watu wa maktaba hiyo kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kurudisha nyimbo hizo Kericho. Walimpata hata mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliorekodiwa. Fikiria: dunia inajua wimbo wako, wageni wameuandikia makala, na wewe ndio unausikia tena sasa, uzeeni. Na wale mabinti? Jina la kiongozi tunalo. Wengine wameandikwa tu "mabinti wa Kipsigis".

Huku Kaptagat watu wanatujua kwa mbio. Eliud Kipchoge amefanya mazoezi kwenye barabara zetu za vumbi, na kila sekunde yake imeandikwa mahali. Muda wa mkimbiaji tunauandika hadi sehemu ya sekunde, lakini wimbo ambao kogo anaimba akichambua mboga hatuandiki hata jina lake.

Sasa leo hatuhitaji Mwingereza mwenye lori la mashine. Mashine iko mfukoni mwako. Wikendi hii ukienda nyumbani, mwombe ruhusa kogo ama guka, umrekodi wimbo mmoja tu. Taja jina lake kamili mwanzoni mwa rekodi, mahali na tarehe. Halafu muulize wimbo unamaanisha nini, na umwache yeye ajibu, acheke akitaka kucheka. Hiyo sehemu ya kicheko usiikate.