Njia ya Singida ilivyofika Iowa na Warwick bila kupitia Paris

Mwaka 1878 msafara wa wamisionari, wengi wao Wafaransa, uliondoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Walikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama White Fathers, lililoanzishwa Algiers miaka kumi kabla na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Walivuka Ugogo, wakaingia Mgunda Mkali, lile pori la vichaka na kiu ambalo sehemu yake kubwa leo imo Manyoni na Itigi, kisha wakatokea Tabora. Wengine walikwenda Ujiji, wengine Buganda. Katika nchi ambayo sasa ni Mkoa wa Singida hawakuweka kituo. Walipita.

Kupita huko kunaeleza mambo mengi kuhusu vijana wa Singida waliokuja kusoma ng'ambo, na vyuo walivyofikia. Ukifuatilia historia ya elimu ya mkoa huu utakutana na Marekani, Uingereza na hata Ujerumani. Ufaransa, ambayo vyuo vikuu vyake vya umma ni miongoni mwa vyenye ada nafuu kabisa Ulaya Magharibi, haionekani. Kilichoamua ni nani alikaa akajenga darasa.

Miongoni mwa waliofika wakakaa ni Walutheri. Wajerumani wa Misheni ya Leipzig walifungua kituo Ruruma, Iramba, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipowaondoa, kazi yao ikachukuliwa miaka ya 1920 na Waaugustana, Walutheri wa Marekani wenye asili ya Uswidi. Hao ndio walioacha alama Iambi, Kiomboi na Kinampanda: zahanati zilizokuja kuwa hospitali, shule, na mafunzo ya walimu. Kiomboi kulikuwa na shule ya bweni ya watoto wa wamisionari wenyewe, kwa hiyo kabla Mnyiramba hajawaza kwenda kusoma Marekani, watoto wa Kimarekani walikuwa wakisomea Iramba.

Hata wasomi waliokuja kuuchunguza mkoa walitoka upande huohuo. Mmarekani Harold Schneider aliishi miongoni mwa Wanyaturu akichunguza uchumi wao wa ng'ombe na mashamba, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Mmisionari Howard Olson, ambaye waimbaji wa kwaya za Kilutheri wanamkumbuka kwa kukusanya nyimbo za Kiafrika, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya sarufi ya Kinyaturu, akaiwasilisha Hartford, jimbo la Connecticut, mwaka 1964.

Kwa hiyo haishangazi kwamba Lazaro Nyalandu, aliyekuja kuwa mbunge wa Singida Kaskazini mwaka 2000 na baadaye Waziri wa Maliasili na Utalii, alisoma shahada yake katika Chuo cha Wartburg, mji wa Waverly, jimbo la Iowa. Wartburg ni chuo cha Kilutheri kilichoanzishwa na wahamiaji wa Kijerumani mwaka 1852. Kwenye ramani, Iowa na Singida hazina uhusiano wowote. Kwenye mtandao wa sharika za Kilutheri ni kama mtaa na mtaa.

Njia ya pili ilipitia Dar es Salaam. Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe, Ikungi, alisoma Ilboru na Galanos, akachukua shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha miaka ya 1990 akaenda kuchukua shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Kwa nini Warwick, chuo kilichofunguliwa miaka ya 1960 tu, wakati Uingereza ina vyuo vyenye umri wa karne nane?

Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Miongoni mwa walimu wake wa mwanzo walikuwamo William Twining na Patrick McAuslan. Baadaye akaja Yash Ghai, Mkenya aliyekuja kuwa bingwa wa kuandika katiba. McAuslan alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shule ya sheria ya Warwick mwaka 1968, na Twining na Ghai nao wakafundisha huko. Fikra kwamba sheria isisomwe kama vifungu vikavu, ila pamoja na ardhi, umaskini na madaraka ya serikali, ilikuwa imejadiliwa sana Dar es Salaam kabla ya kuwa sifa ya Warwick. Mwanasheria wa Tanzania aliyekwenda huko alikuta mijadala aliyoizoea nyumbani.

Na Paris je?

Wafaransa walikijua Kiswahili mapema. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Zanzibar miaka ya 1860, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mmoja wao, Charles Sacleux, alitumia miaka mingi kukusanya maneno ya pwani, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ikachapishwa Paris mwaka 1939 na 1941. Kiswahili kinafundishwa hadi leo katika taasisi ya lugha za mashariki ya Paris, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1795. Lakini elimu hiyo ilikwenda upande mmoja. Mfaransa aliweza kujifunza Kiswahili Paris. Iramba hapakuwa na dawati la kujifunzia Kifaransa. Mkoloni Mjerumani, kisha Mwingereza, hakuwa na sababu ya kuliweka.

Upande ule mwingine wa Ziwa Tanganyika hali ilikuwa tofauti. Mtoto wa Bukavu au Goma, mashariki mwa Kongo, husema Kiswahili nyumbani na Kifaransa darasani, kwa hiyo fomu ya chuo cha Ufaransa au Ubelgiji haimtishi. Visiwa vya Komoro, ambavyo lugha yake ni ndugu wa Kiswahili, havikuwa na chuo kikuu chao hadi mwaka 2003. Aliyemaliza sekondari alilazimika kutafuta nafasi Madagascar, Réunion au Ufaransa. Marseille ina jamii kubwa ya Wakomoro, na Chuo Kikuu cha Aix-Marseille, kilichoundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kina wanafunzi wapatao 80,000. Umati huo unakaribia wakazi wa wilaya ndogo.

Ukubwa huo ni sehemu ya historia ya Ufaransa yenyewe. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya Mei 1968, sheria ya mwaka huo ilivipa vyuo uhuru zaidi, na Chuo Kikuu cha kale cha Paris kikagawanywa kuwa vyuo 13. Miongo minne baadaye mwelekeo ukageuka: Strasbourg iliunganisha vyuo vyake mwaka 2009, Bordeaux baadhi ya vyake mwaka 2014, na mwaka 2018 vyuo viwili vya Paris vikaungana kuwa Sorbonne. Katika mabadiliko hayo yote jambo moja halikuguswa. Ada ya usajili ilipangwa na serikali, ikawa ndogo, na mgeni alilipa sawa na Mfaransa.

Tarehe 19 Novemba 2018 Waziri Mkuu Édouard Philippe alitangaza kuufuta usawa huo. Serikali ilitaka kufikisha wanafunzi 500,000 wa kigeni ifikapo mwaka 2027, na papo hapo ikapandisha ada kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Mwaka uliofuata Mfaransa alilipa euro 170 kwa mwaka wa shahada ya kwanza, kama shilingi 440,000 za wakati ule. Mtanzania, kwa kanuni mpya, euro 2,770. Kwa uzamili ilikuwa 243 dhidi ya 3,770. Vyama vya wanafunzi vilikwenda mahakamani. Oktoba 2019 Baraza la Katiba lilisema elimu ya juu ya umma inapaswa kuwa bure, ingawa ada ya kiasi inakubalika. Julai 2020 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaiacha kanuni ya serikali isimame.

Hata ada inapokuwa ndogo, anayetaka kwenda hukutana na mambo mengine. Anayeomba viza hutakiwa kuonyesha kwamba ana angalau euro 615 kwa kila mwezi wa kuishi. Akifika anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 tu kwa mwaka. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hulenga zaidi vyuo vya ndani. Kwa kijana ambaye ada yake ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya alizeti, kuonyesha akiba hiyo benki ni kikwazo kikubwa kuliko ada yenyewe.

Wakati huohuo Wafaransa wamerudi kupita Singida. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linakatiza mikoa minane ya Tanzania, Singida ukiwamo, na asilimia 62 ya hisa zake ni za kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies. Mafundi na wahandisi wa mradi kama huo hufanya kazi zaidi kwa Kiingereza, na ndivyo ilivyo sasa kwa mamia ya kozi za uzamili Ufaransa.

Shahada ya kwanza bado ni ya Kifaransa kwa sehemu kubwa, na vyuo vingi hudai kiwango cha B2 cha lugha hiyo. Tanzania ina mchepuo wa KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kwa kidato cha tano na sita, lakini shule zenye walimu wa Kifaransa si nyingi. Vituo vya Alliance Française viko Dar es Salaam na Arusha. Kutoka Singida mjini Dar ni safari ya karibu kilomita 700.

Anayefikia kiwango hicho cha B2 hukutana na hesabu ya mwisho. Sheria inaviruhusu vyuo kusamehe tofauti ya ada kwa baadhi ya wanafunzi wa kigeni, na kila chuo huamua chenyewe. Wawili kutoka Kiomboi wakiomba shahada ileile katika miji miwili ya Ufaransa, mmoja anaweza kudaiwa ada ya Mfaransa na mwenzake ada iliyo mara 16 zaidi.