Wufa yenye umeme wake: namna ya kuiunga na redio ya nyumbani

Wengi wetu tukisema wufa twamaanisha seti nzima ya dukani, boksi moja kubwa na vispika vyake. Ninayoizungumzia leo ni nyingine: boksi moja tu, lenye amplifaya yake ndani na waya wake wa umeme, unaloliongeza kwenye amplifaya na spika ulizo nazo. Kazi yake ni sauti nzito peke yake. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41 hivi, na spika nyingi ndogo huishiwa nguvu kabla ya kufika huko.

Ikiwa amplifaya yako ina tundu lililoandikwa SUB OUT, kazi ni nyepesi: waya mmoja kutoka hapo hadi kwenye wufa, basi. Yangu ni ya zamani, haina tundu hilo. Nilitumia njia ya pili. Kwenye vishikizo vya spika vya amplifaya niliongeza waya zinazokwenda kwenye vishikizo vya wufa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na spika zangu zikabaki palepale. Wufa haivuti nguvu ya amplifaya hapo, yaisikiliza tu. Lakini soma kijitabu chake kwanza, kwani baadhi ya amplifaya za kisasa hazitaki waya nyeusi iungwe hivyo. Na zima kila kitu kabla ya kugusa waya.

Ukisikia mngurumo wa mfululizo hata nyimbo zikinyamaza, huo mara nyingi ni umeme wa stima, hezi 50. Chomeka amplifaya na wufa kwenye ekstensheni moja. Usikate mguu wa athi wa plagi, hata fundi akikushauri.

Sasa vifundo. Cha kwanza huamua wufa ianzie wapi. Kwa spika ndogo anza na 80, kwa spika kubwa shuka hadi 60 au 50. Ukikipandisha sana, sauti ya mwimbaji mwanamume itaanza kutokea pembeni chini ya meza. Kuna pia swichi ya 0 na 180. Keti unapoketi siku zote, mwenzako aigeuze, uchague upande ambao besi imejaa zaidi.

Pa kuiweka ndipo penye kazi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, zaidi ya vyumba vyetu vingi, kwa hivyo sauti hugonga ukuta na kurudi: mahali pengine hujaa, pengine hufa kabisa. Weka wufa juu ya kiti chako, cheza wimbo wenye besi, kisha tambaa chumbani ukisikiliza karibu na sakafu. (Wanangu walicheka mpaka wakachoka.) Panapolia vizuri, hapo ndipo pake. Pembeni mwa chumba huongeza besi, lakini mara nyingi huivimbisha.

Mimi niliiweka pembeni. Twakaa ghorofani, nyumba ya zamani, sakafu ya boriti. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, kijana wa chini akapanda ngazi: "Ami, nana auliza mwatwanga nini. Vikombe vyake vyalia kabatini." Nilidhani kuta nene za matumbawe zatosha. Zazuia mazungumzo, sauti nzito hazizijali, na boriti huupeleka mtetemo moja kwa moja chini. Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo tangu 2009, lakini bi mkubwa wa miaka themanini hapaswi kufika huko ili alale.

Niliitoa katikati ya boriti nikaisogeza karibu na ukuta zinapoegemea, nikaweka mpira mzito chini yake. Ulisaidia kidogo. Kilichosaidia hasa ni kupunguza sauti mpaka nikaacha kuisikia kama wufa, ila nikiizima najua kuna kitu kimetoka kwenye wimbo. Baada ya Isha naizima kabisa.

Rekodi za kale za taarabu haziongezewi mengi, besi haikunaswa sana. Na hewa yetu ya chumvi huzigeuza shaba za waya kuwa kijani. Kila mwaka kata ncha, uzimenye upya.

Kijana wa chini bado hupanda. Siku hizi hujia barafu.