Kenya: Jina la Taita na ulinzi wa wasukaji wa vikapu

Katika maduka ya watalii nchini Kenya, kikapu cha mkonge kilichosukwa kwa mikono huning'inia kando ya kingine cha nyuzi za plastiki, na vyote viwili huuzwa kwa jina la kiondo. Mgeni asiyeijua kazi hiyo hutazama rangi na bei tu. Anayepata hasara ni msukaji, ambaye jina la kazi yake hutumika kuuzia bidhaa asiyoitengeneza.

Katika Kaunti ya Taita Taveta, kusini mwa nchi hiyo, kusuka vikapu ni kazi ya wanawake, na mama humfundisha bintiye. Jani la mkonge hukwanguliwa mpaka zibaki nyuzi, nyuzi huanikwa juani, kisha husokotwa kwa kuviringishwa juu ya paja hadi ziwe kamba nyembamba. Kusuka huanzia kitakoni na kupanda duara kwa duara. Kwa kuwa kazi hiyo hufanywa baada ya shamba na jiko, kikapu kimoja huweza kuchukua wiki kadhaa. Mashine haiwezi kushindwa kwa bei. Kinachoweza kumwokoa msukaji ni mnunuzi kujua anachokinunua.

Kwa miaka mingi imesemwa nchini Kenya kwamba kiondo kiliibwa na kusajiliwa Japani. Madai hayo yamerudiwa mara nyingi kuliko yalivyothibitishwa, nayo yamewafanya wengi wadhani kwamba dawa ni hataza. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na kiondo, kilichosukwa na mabibi wa Wakikuyu na Wakamba tangu zamani, si kitu kipya kwa yeyote. Hatari halisi iko kwenye jina. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili nchini humo neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Wafanyabiashara wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Kiingereza linalotetea biashara ya haki, walipinga, na ombi hilo likaachwa. Lau lingepita, Mkenya anayeuza kikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kukiita kikoi.

Wasukaji wa Taita walichagua njia nyingine. Kupitia chama chao, na kwa msaada wa Shirika la Haki Miliki Duniani, WIPO, na Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, KIPI, kikapu cha Taita kilipatiwa alama ya biashara ya pamoja. Alama ya namna hiyo si mali ya mtu mmoja. Chama ndicho mwenyewe, na kila mwanachama huitumia kwa sharti la kufuata kanuni zilizowekwa. Hawakudai neno kiondo, ambalo ni la jamii nyingi, bali jina la mahali pao.

Faida yake huonekana zaidi pale panapotokea ulaghai. Sheria ya Kenya inayohusu maelezo ya bidhaa inakataza kudanganya kuhusu mahali bidhaa ilipotengenezwa, na tangu 2008 ipo pia sheria dhidi ya bidhaa bandia. Lakini sheria hii ya pili humlinda mwenye haki iliyosajiliwa. Msukaji asiye na alama hana cha kuwaonyesha wakaguzi isipokuwa kikapu chenyewe.

Hata hivyo, usajili wa Kenya huishia kwenye mipaka ya Kenya. Anayeuza kikapu Ulaya au Japani hana budi kuombea ulinzi huko pia, na gharama yake si ndogo kwa kikundi cha kijijini. Alama hudumu miaka 10, kisha hulipiwa upya. Uganda ilipitisha mwaka 2013 sheria maalumu ya bidhaa zinazotambulishwa kwa mahali zitokako; Kenya imekuwa ikiliingiza jambo hilo ndani ya sheria yake ya alama za biashara.

Limebaki pia swali gumu zaidi, nalo halimhusu mgeni wala mashine ya ng'ambo. Madalali hununua vikapu vitupu vijijini, kisha mikanda na vifuniko vya ngozi hutiwa mjini, ambako bei hupanda mara kadhaa. Kikapu hicho kimesukwa Taita na kumaliziwa kwingine. Lebo ikitaja Taita pekee inasema nusu ya kweli. Isipoitaja kabisa, aliyekisuka anatoweka. Kanuni za chama ndizo zinazopaswa kueleza ni sehemu gani ya kazi lazima ifanyike Taita, na ni nani atakayekagua kabla lebo haijashonwa.