Msaada Uliofika Kabla ya Mifugo Kufa



Msiba ukilipata shamba, mkulima wa kwetu hukimbilia kwanza jamaa zake, kisha majirani, kisha parokia. Serikali hufikiriwa mwisho, au haifikiriwi kabisa. Inafaa basi tuitazame historia ya Kenya, ambako serikali ilijaribu kuwalipa raia wa vijijini kwa sababu ya ukame, tujifunze lililofaulu na lililopungua.

Kaskazini mwa Kenya, katika kaunti za Wajir, Marsabit na Turkana, mvua ni haba na watu wengi huishi kwa ufugaji. Kwa miaka mingi msaada ulifika baada ya hasara. Katika ukame wa mwaka 2009, serikali iliamua kununua ng'ombe waliodhoofika kupitia Tume ya Nyama ya Kenya. Nia ilikuwa njema, lakini wanyama wengine walikufa wakingoja nje ya machinjio ya Athi River.

Mwaka 2010, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo iliyoko Nairobi walianzisha bima katika Marsabit. Mfugaji alilipa ada. Satelaiti ikapima kutoka angani ukijani wa malisho. Malisho yakikauka kupita kiwango kilichopatanwa, mfugaji alilipwa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliuchukua mpango huo, ikianzia Wajir na Turkana. Ilizilipia ada kaya maskini zilizochaguliwa, kwa kiasi cha mifugo inayolingana na ng'ombe 5 kila kaya. Tena malipo yalipangwa kutoka mapema, mnyama angali hai, ili mwenyewe anunue majani, maji na dawa. Februari 2017, mwezi uleule ukame ulipotangazwa kuwa janga la taifa, zaidi ya shilingi milioni 214 za Kenya zilitengwa kwa kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti 6. Kwa wastani, kila kaya ilipata shilingi zisizofika 18,000.

Mpango huo ulikuwa na upungufu wake. Satelaiti hupima eneo zima. Haioni kundi la mtu mmoja. Mjane ambaye mbuzi wake wamekufa kwa ugonjwa, huku malisho ya eneo yakiwa mabichi, hakupata kitu. Na kaya ambayo jina lake halikuandikwa ilimtazama jirani akilipwa, ingawa jua lilikuwa moja. Baadaye, katika mpango uliofuata mwaka 2022, wafugaji walitakiwa kuchangia sehemu ya ada wao wenyewe.

Hata hivyo jambo moja lilikuwa jipya: kanuni ilijulikana kabla ya janga. Aliyeandikwa hakuhitaji kumpigia mkubwa magoti, wala kungoja huruma yake. Alilolipwa lilikuwa haki yake kwa mapatano. Msaada usio na kanuni huwafikia upesi wanaojulikana, na maskini asiye na mtetezi huja nyuma ya wote.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika mitaa na vijiji vyetu, ni nani huandika orodha ya wanaosaidiwa baada ya msiba? Je, kanuni yake inajulikana kwa wote? Na jina la nani hukosekana?