Mtutu Uliojazwa Maji: Baruti, Mvua na Kiu katika Nchi ya Mwingi

Mwishoni mwa Agosti 1851, mgeni mmoja alishuka peke yake hadi ukingoni mwa Mto Tana, kaskazini mwa Kitui. Alikunywa maji hadi kiu ikamwisha. Kisha akaiwaza njia ya kurudi: nyika kavu, hajui kisima kiko wapi, na hana kibuyu wala kiriba. Akaujaza maji mkoba wa ngozi wa darubini yake. Hayakutosha. Akaichukua bunduki, akamimina maji ndani ya mitutu, akaiziba midomo kwa nyasi na vipande vya nguo yake.

Mwindaji yeyote wa enzi hizo angeshika kichwa. Bunduki ya baruti uhai wake ulikuwa ukavu. Maji yakiipata baruti, chuma chote kile kilikuwa sawa na mpini wa jembe. Watu walitunga mbinu chungu nzima za kulikinga gobore na mvua, na huyu alikuwa akilinywesha kwa mikono yake mwenyewe.

Alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la Kanisa la Kiingereza la CMS, aliyekuwa na kituo chake Rabai tangu 1846. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mawingu ya msimu wa mvua yalifunguka akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, na safari hii akafuatana na mwenyeji wake Kivui Mwenda hadi upande wa Tana. Kivui, ambaye wengi wanamkumbuka kama Chifu Kivoi, alikuwa tajiri wa pembe za ndovu aliyejulikana kuanzia Kitui hadi pwani. Walipoukaribia mto, wavamizi waliwaangukia. Kivui aliuawa pamoja na watu waliokuwa karibu naye, na msafara ukatawanyika porini. Krapf alifyatua bunduki mara mbili, zote hewani, kwa kuwa hakutaka kumwaga damu ya mtu. Baada ya hapo akabaki yeye, bunduki yake na kiu.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha mmisionari. Mimi nakitazama kwa upande wa bunduki, kwa sababu kinaonyesha jinsi silaha hii ilivyopambana na maji katika nchi ambayo maji yenyewe ni haba kwa miezi mingi, na yakija huja kwa kishindo.

Njia ya moto

Gobore hujazwa kutoka mdomoni. Mwenyewe humimina baruti ndani ya mtutu, akatia kizibo cha kitambaa au nyuzi, akateremsha risasi, kisha akashindilia kwa mdeki. Huku nyuma, ubavuni mwa mtutu, kuna tundu dogo, na nje ya tundu hilo kuna kijisahani cha chuma kinachowekwa baruti kidogo ya kuwashia. Katika gumegume, yaani gobore la jiwe, ukivuta mtambo, jiwe hugonga chuma, cheche zikaangukia kijisahanini, moto ukapenya tunduni hadi kwenye baruti ya ndani. Safari hiyo ya moto ni ya kufumba na kufumbua, lakini kila hatua yake ni mlango ulio wazi kwa maji.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Kipimo kilichozoeleka ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Kazi kubwa hufanywa na shura, na shura huyeyuka majini kama chumvi ya mezani. Ndiyo maana baruti iliyolowa chepechepe haiponi kwa kuanikwa juani. Shura huachana na makaa, ikaganda kivyake, na ule mchanganyiko uliosagwa kwa ustadi huwa umevunjika.

Halafu kuna adui wa pili, naye haonekani. Kila risasi inapotoka, masizi mazito hubaki ndani ya mtutu, na masizi hayo huvuta unyevu wa hewa. Mwindaji aliyepiga mara moja asubuhi, akajaza tena bila kusafisha, huenda jioni akavuta mtambo na kusikia mlio wa jiwe tu, hata kama siku nzima halikudondoka tone.

Wawindaji wa nchi za mvua nyingi walijifunza kujihami hatua kwa hatua. Walibeba bunduki mdomo ukielekea chini ili maji yasiingie, au waliuziba mdomo kwa kizibo cha mbao au cha nta. Walipaka mafuta ya mnyama au nta ya nyuki kuzunguka kijisahani cha baruti, mahali chuma kinapokutana na chuma. Waliufunika mtambo kwa kipande cha ngozi ya goti la ng'ombe, kwa kuwa ngozi ya hapo imejikunja tayari na hukaa vizuri juu ya mtambo. Walipopita vichakani mvua inanyesha, waliukumbatia mtambo kwapani. Kila baada ya muda waliimwaga ile baruti ya kuwashia, wakafuta kijisahani kwa kitambaa kikavu na kuweka nyingine. Na baruti yenyewe waliihifadhi ndani ya pembe ya ng'ombe, iliyozibwa kwa mbao huku na kizibo kule, kwa sababu pembe haipenyezi maji na haitoi cheche.

Pamoja na uangalifu huo wote, gumegume lilibaki silaha ya kubahatisha. Ndege walikuwa wakishtuka kwa mwako wa kijisahani kabla risasi haijatoka, na jambo hilo lilimkera kasisi mmoja wa Uskoti aliyependa kuwinda, Alexander Forsyth. Mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Kutokana na wazo lake ikazaliwa fataki, kikombe kidogo cha shaba kinachovikwa juu ya tundu la moto na kulifunika. Hapo mlango mkubwa wa mvua ukawa umefungwa. Mwaka 1834 jeshi la Uingereza lilizijaribu aina hizo mbili huko Woolwich, kila aina ikipigwa mara 6,000 katika hali mbalimbali za hewa. Gumegume lilikataa kuwaka mara 922. Bunduki ya fataki ilikataa mara 36 tu. Miaka saba baadaye, Mei 1841, askari wa jeshi la Kihindi la Uingereza walinaswa na mvua kubwa karibu na Canton, nchini China. Magumegume yao yakakataa kuwaka, wakazingirwa, hadi walipookolewa na wenzao waliokuwa na bunduki za fataki.

Mabaki yanapotupwa pwani

Ulaya ilipohamia fataki, na baadaye bunduki zinazojazwa kwa nyuma, silaha za zamani zilihitaji mnunuzi. Nyingi zilisafirishwa hadi Zanzibar, na kutoka hapo zikaingia bara pamoja na misafara ya shanga, vitambaa na nyaya za shaba. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina ziliingia bara la Afrika kwa mwaka kupitia pwani hii.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia kupunguza biashara hiyo. Ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara, lakini ukaacha nafasi ya kuuza gumegume na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, silaha iliyoruhusiwa kumfikia Mwafrika ilikuwa ile ile iliyoshindwa na mvua, huku majeshi ya wakoloni yakiingia na bunduki ambazo risasi zake zimefungwa ndani ya shaba, haziogopi wingu lolote. Dhuluma hiyo haisemwi sana tunaposimulia jinsi ukoloni ulivyotushinda. Watu walipigana kwa silaha iliyochaguliwa kwa ajili yao na adui, na kuchaguliwa kwa sababu ya udhaifu wake.

Akamba walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu kabla ya gobore kuenea bara. Krapf aliandika kuwa misafara yao ya pembe kwenda pwani ilikuwa na watu 200 hadi 300. Pembe hizo zilitokana hasa na uta na mshale. Mwindaji wa Kikamba alipika sumu iitwayo ivai kutokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, akaichemsha hadi ikawa nzito na nyeusi kama lami, akaipaka kwenye chembe ya mshale. Kisha akaizungushia ukanda mwembamba wa ngozi laini, ili jua na unyevu visiiharibu na yeye mwenyewe asijichome. Mishale iliingia kwenye thyaka, yaani podo la ngozi lenye kifuniko.

Uta nao haukuwa salama mvuani. Upote uliosokotwa kwa kano za mnyama ukilowa hulegea, na mshale ukarushwa bila nguvu. Tofauti ilikuwa kwamba mwindaji aliweza kuutengeneza upya mwenyewe, kwa kano, kwa mti na kwa moto wa nyumbani kwake. Aliyetegemea gobore alitegemea baruti ya kununua, jiwe la kununua na fataki ya kununua, na baruti ikilowa safari ya uwindaji ilikuwa imekwisha. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Hata katikati ya karne ya 20, bunduki zikiwa zimejaa Afrika Mashariki, askari wa mbuga ya Tsavo, iliyoanzishwa 1948, bado walikuwa wakipambana na wawindaji wa ndovu waliotumia mshale wa sumu.

Sura hiyo ilifungwa kisheria. Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inaendelea kuuzuia. Ndovu waliopungua sana kwa pembe zao walistahili kinga hiyo. Lakini maarifa ya kukinga kitu na maji hayakuwa ya uwindaji peke yake. Nta ile ile ambayo wawindaji wa ng'ambo waliipaka kwenye bunduki hutoka katika mizinga ya magogo inayoning'inia mitini kote Mwingi, kaskazini mwa Kitui, nchi inayosifika kwa asali yake.

Mahali palipochimbwa na nyani

Tumwendee tena Krapf tuliyemwacha mtoni. Alisafiri usiku na kujificha mchana. Vichaka vilinyofoa nyasi alizozibia mitutu, na maji mengi yakamwagika gizani bila yeye kujua. Kizibo cha gobore hutegemewa kuzuia mvua isiingie. Chake kilitakiwa kuzuia maji yasitoke, nacho kikashindwa.

Kiu ilipomzidia alisikia kelele za nyani. Akaifuata sauti hadi kwenye mto mkavu wa mchanga, akakuta wamechimba shimo na ndani yake maji yamejikusanya. Alikunywa. Kisha akaifungua pembe yake ya baruti, akaimwaga baruti yote ndani ya leso na kuifunga, akaijaza pembe ile maji. Njaa ilipombana alijaribu hata kuila hiyo baruti pamoja na machipukizi ya mti, ikamuuma tumbo. Aliponea tundu la sindano, akafika Rabai akiwa hai.

Mkazi wa Mwingi hahitaji kuelezwa mto wa mchanga ni nini. Mto Tyaa ulio karibu na mji hubaki mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Enziu nao hufanana nao, lakini Desemba 2021, mvua ziliponyesha, mafuriko yake yalisomba basi na kuua zaidi ya watu 30, wengi wao wanakwaya waliokuwa wakienda harusini. Ndiyo nchi hii: mwezi huu unatafuta tone, mwezi ujao unakimbia mafuriko.

Kitui imejenga mabwawa mengi ya mchanga tangu miaka ya 1990, kuta za zege zinazokatiza mito kama hiyo ili mchanga ujikusanye na kuyahifadhi maji ya mvua chini yake, mbali na jua. Mama anayechimba kwa kata hadi maji yachomoze anafanya kile ambacho nyani walimfundisha Krapf mwaka 1851. Tofauti ni kwamba yeye amekuja na mtungi. Krapf alikuja na pembe ya baruti, na ilibidi kwanza aimwage.